Kipupwe Mombasa: Tusimfungie mja mzito na mtoto ndani ya moshi

Wakazi wa kisiwa cha Mombasa hawangoji kuambiwa na mtabiri wa hali ya hewa kwamba pepo za kusi zimeingia. Bahari huchafuka, vyombo vidogo hufungwa, samaki hupanda bei, na mvua za masika, ambazo kwa kawaida huwa kubwa zaidi mwezi wa Mei, huzigeuza njia za Kibokoni, Kuze na Bondeni kuwa vijito. Mvua zikipungua huja kipupwe. Juni, Julai na Agosti ni miezi ambayo usiku watu hutafuta shuka ya pili, na kina mama huwavalisha watoto sweta na soksi.

Mtu wa Limuru au Nyahururu atacheka akisikia tunalalamika. Baridi yetu ni ya digrii 20 hivi usiku, na kwake hilo ni joto. Lakini mwili huzoea mahali ulipokulia, na nyumba zetu zilijengwa kwa ajili ya joto. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa katika Mji wa Kale, zinazotusaidia sana mwezi wa Februari, hunyonya maji ya mvua na kubaki na unyevu wiki nyingi. Ukuta huota ukungu, nguo za mtoto hazikauki, na godoro hunuka uvundo.

Sasa, mpenzi msomaji, fikiria nyumba kama hiyo yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetambaa na kukimbia kwa zamu, na mamake ana mimba ya miezi saba. Nyumba kama hizo ni nyingi. Huenda ni yako, au ya dada yako, au ya mpangaji wa ghorofa ya juu ambaye humsikia mwanawe akikohoa usiku kucha.

Maoni yangu ni haya: baridi ya Mombasa yenyewe ni adui mdogo. Madhara makubwa huletwa na yale tunayoyafanya tukiikimbia baridi na mvua. Tunafunga madirisha na kuingiza jiko chumbani. Tunakinga maji ya mvua na kuyaacha wazi. Tunamwachisha mtoto ziwa ghafla kwa sababu mamake ni mja mzito. Tunaahirisha kliniki mpaka mvua ikatike. Na kazi yote ya kupambana na msimu huo tunamtwika mtu mmoja, yule yule aliyebeba mimba.

JIKO CHUMBANI

Tuanze na jiko la makaa. Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, ambazo zamani zilikuwa za ukoo mmoja, leo kila chumba kina mpangaji wake. Hakuna jiko la pamoja, au lipo lakini linavuja. Mvua ikinyesha, jiko huletwa mlangoni, kisha ndani, kisha mlango hufungwa. Chai ikishaiva, makaa huachwa yatie joto chumba mtoto apate kulala.

Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, na haikereketi koo. Huishika damu kwa nguvu zinazozidi mara 200 zile za oksijeni, hivyo damu huzunguka mwilini bila kubeba hewa inayohitajika. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Mja mzito ataona ni uchovu wa mimba na kwenda kujilaza, kumbe amejilaza penye sumu. Na kichanga kilicho tumboni huumia zaidi, kwa kuwa damu yake huishika gesi hiyo kwa nguvu kuliko damu ya mamake, na huchelewa kuiachia.

Hata pale gesi haiui, moshi hufanya kazi yake polepole. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa likieleza kwamba moshi wa nyumbani karibu huongeza maradufu uwezekano wa mtoto mdogo kupata nimonia, ugonjwa ambao duniani uko mstari wa mbele miongoni mwa magonjwa ya kuambukiza yanayoua watoto wa chini ya miaka 5. Moshi huo huo umehusishwa na watoto kuzaliwa wakiwa na uzito mdogo.

Najua jibu litakalotolewa. Nyanya atasema: "Sisi tulilelewa kwa moshi wa kuni na ubani, na tukakua." Ni kweli, waliokua wapo na wanazungumza. Wale ambao hawakukua hawapo kutoa ushahidi. Muulize nyanya huyo huyo alizaa wangapi na aliowalea hadi utu uzima ni wangapi.

Simwambii mtu aache ubani wala udi. Hiyo ni mila yetu na harufu ya nyumba zetu. Fukiza sebuleni au ukumbini, madirisha yakiwa wazi, mtoto na mja mzito wakiwa chumba kingine. Jiko nalo likae barazani, uani au kwenye ngazi penye hewa, na lisilale chumbani hata mara moja. Mwenye uwezo wa mtungi mdogo wa gesi autumie, lakini naye afungue dirisha.

Na kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anapumua haraka kupita kiasi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi mwaka 1, hesabu ni 50. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2, ni 60. Ukiona hivyo, au ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, au mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, usimpake mafuta ya kifua ukangoja asubuhi. Mpeleke hospitali wakati huo huo. Nimonia hutibika kwa dawa za kawaida ikiwahiwa.

MAJI NA MBU

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na maji, lakini maji ya kunywa hutoka mbali. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima lilijengwa miaka ya 1950, wakati wakazi walikuwa wachache kuliko sasa. Tangu hapo mji umekua, na maji katika mitaa mingi huja kwa zamu au huletwa kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Kwa hiyo kila nyumba ina pipa, ndoo na mitungi. Mvua ikija tunakinga kila tone, na nani atatulaumu?

Tatizo ni kwamba mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoadoa meupe miguuni, hupenda pipa la nyumbani kuliko dimbwi la nje. Huyu huuma mchana, wakati mtoto anacheza ukumbini na mamake amejipumzisha. Ndiye aletaye homa ya dengi na chikungunya. Si magonjwa ya kusoma vitabuni tu hapa kwetu. Chikungunya ilifika Mombasa mwaka 2004 baada ya kuzuka Lamu, na ikarudi mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Dengi ilisumbua mji huu mwaka 2013 na 2014, ikarudi 2017, na tena 2021. Mwenye kukumbuka viungo vilivyouma hata mtu akashindwa kushika kikombe hahitaji maelezo zaidi.

Kwa mja mzito aliyekaribia kujifungua, chikungunya ina hatari ya pekee. Mama akiwa na homa hiyo siku za uchungu, mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa na kuugua vibaya siku chache baadaye. Kwa hiyo homa ya mja mzito isitibiwe kwa kubahatisha dukani. Na isitibiwe kwa aspirini wala Brufen. Dawa hizo huweza kuzidisha kutokwa na damu kama homa ni ya dengi, na Brufen haifai miezi ya mwisho ya mimba. Paracetamol ndiyo ya kutuliza, wakati mgonjwa anapelekwa kupimwa.

Dawa ya mbu huyu ni kifuniko. Pipa lifunikwe kwa kitambaa cha neti kilichokazwa kwa kamba, na mara moja kwa wiki limwagwe na kusuguliwa kuta zake kwa ndani. Kusugua ni muhimu, maana mayai ya mbu huyu hugandia ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kopo, kifuu cha nazi, gurudumu kuukuu juu ya paa, vyote viondolewe.

Kisha kuna mbu wa usiku, wa malaria, anayeongezeka baada ya masika. Malaria ya mja mzito ni ya hila. Vijidudu hujificha kwenye kondo la nyuma, mama asihisi homa kali, huku damu yake ikipungua na mtoto akikosa chakula tumboni. Ndiyo maana wizara ya afya imeweka utaratibu wa kuwapa waja wazito wa Pwani na wa eneo la Ziwa vidonge vya SP kuanzia wiki ya 13 ya mimba, dozi kwa dozi, kukiwa na angalau mwezi mmoja kati yake. Anayemeza Septrin kila siku amweleze muuguzi, kwani dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja. Chandarua chenye dawa hutolewa kliniki. Kitandikwe kitandani, mama na mtoto walale ndani yake. Kisifanywe pazia wala wavu wa kufugia kuku.

MTOTO ALIYEACHISHWA ZIWA

Hapa tunaingia kwenye jambo ambalo watu huliongea kwa kunong'ona. Mwanamke anayenyonyesha akishika mimba, wazee wetu husema mtoto "amebemendwa". Mtoto hudhoofu, tumbo hujaa, nywele hubadilika rangi, na majirani huwatazama wazazi kwa jicho la lawama, kana kwamba wamekosa subira.

Wazee hawakukosea walichokiona. Mtoto kweli hudhoofu. Upande wa pili wa Afrika, Waga wa nchi ambayo leo ni Ghana nao walikuwa wameliona jambo hilo na kulipa jina. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi huko, alilichukua jina lao na kuliandika katika jarida la madaktari mwaka 1935: kwashakoo, kama tunavyoiita leo. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayekuja. Daktari huyo aliona kwamba mtoto huugua kwa sababu ameondolewa kwenye ziwa na kupewa uji mwepesi usio na nguvu.

Basi kosa si la tendo la wazazi, wala maziwa ya mja mzito hayageuki sumu. Kosa ni sahani ya mtoto. Mama mwenye afya, asiyetokwa na damu wala kuwa na historia ya kujifungua kabla ya wakati, anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa na mimba. Maziwa yatapungua, na mtoto wengine huacha wenyewe. Lakini kumpaka mtoto shubiri au pilipili kwenye chuchu, kumtenga usiku mmoja na kumpa chai na mkate kama chakula chake kikuu, huko ndiko kumbemenda.

Msimu wa kusi huzidisha tatizo. Bahari ikichafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki kila siku, na samaki, kitoweo chetu cha asili, huwa ghali. Nyumba nyingi hurudi kwenye wali mtupu na mchuzi wa kupita. Lakini Mombasa haijakosa vyakula. Mbaazi za nazi, kunde, pojo, maharagwe, dagaa wakavu waliosagwa ndani ya uji, yai moja kwa siku kila mkono unaporuhusu, mchicha na kisamvu. Mtoto wa umri huo ana tumbo dogo. Ale mara nne au tano kwa siku, na sahani yake iwe ya peke yake, aonekane amekula kiasi gani.

Mama naye anahitaji vyakula hivyo hivyo, pamoja na vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki. Asivimeze kwa chai wala kahawa, kwani hivyo vinywaji huzuia chuma kuingia damuni. Avimeze kwa maji, na akamue ndimu kwenye chakula chake.

KLINIKI HAINGOJI MVUA

Wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wanajua siku za mvua vibao huwa vitupu. Ni rahisi kuelewa sababu. Mwanamke mwenye mimba kubwa, mtoto mmoja mgongoni au mkononi, njia inateleza, tuktuk haziingii vichochoroni. Anasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo nayo inanyesha.

Tangu mwaka 2016, WHO inapendekeza mja mzito aonane na wahudumu mara 8, badala ya zile 4 za zamani, na nyingi ya hizo huangukia miezi mitatu ya mwisho. Hapo ndipo presha hupanda bila kujulisha. Kumbuka pia kwamba mtoto wa miezi 18 anadaiwa chanjo ya pili ya surua. Ya kwanza, ya miezi 9, wazazi wengi huikumbuka. Ya pili husahauliwa kwa kuwa macho yote yako kwenye tumbo la mama. Safari moja inaweza kumaliza mambo mawili. Uliza.

Dalili za kukimbilia hospitali hazingoji siku ya kliniki: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maji kuvunjika, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

Panga pia safari ya uchungu kabla haujaja. Ni nani atakayembeba mama hadi barabara kubwa saa nane za usiku mvua ikinyesha? Nambari ya dereva wa tuktuk mnayo? Mtoto mkubwa atabaki na nani? Na makaratasi yako tayari? Huduma ya uzazi bila malipo ilitangazwa Juni 2013, baadaye ikawa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yamehamia SHA. Msisubiri kujiandikisha mlangoni mwa wodi.

Yuko mmoja ambaye kwake baridi ni hatari ya kweli, naye ni mchanga aliyetoka kuzaliwa. Afutwe akauke, avikwe kofia, alazwe kifuani mwa mamake ngozi kwa ngozi, na kuogeshwa kungoje saa 24. Njia hiyo ya kifuani ilianza kutumiwa kwa watoto njiti mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na haihitaji umeme wala makaa. Kifua cha baba pia kinatosha.

BABA NA JAMAA WAKO WAPI?

Nimeorodhesha mengi, na najua ni nani atakayesoma na kuhisi ameongezewa mzigo. Ni yule mama. Kwa hiyo maneno ya mwisho nawaelekezea wengine.

Wewe mume, kupandisha mitungi ya maji ghorofani si kazi ya mwenye mimba ya miezi minane. Kusugua pipa, kutoa jiko nje, kumpeleka mtoto chanjo, hayo hayapunguzi heshima ya mwanamume. Dakika ishirini za kahawa barazani zinatosha kufunika mapipa yote ya nyumba.

Nanyi mavyaa na mawifi, mila yetu ya arobaini ni hazina. Siku 40 za mzazi kupikiwa, kukandwa na kupumzishwa ni jambo ambalo mataifa tajiri yanalitamani. Lakini msaada huo unaanza siku ya kujifungua, ilhali mama ameshachoka miezi mitatu kabla. Uanze mapema, kusi inapoingia. Na yule mtoto mkubwa msimwondoe nyumbani ghafla siku mdogo wake anapoletwa. Akienda kulala kwa nyanya, azoeshwe wiki kadhaa kabla, na arudi kila siku amwone mamake. Amepoteza ziwa na mapaja ya mamake, asipoteze na nyumba.

Nayo serikali ya kaunti, mifereji ya mitaa ya chini izibuliwe Februari na Machi, kabla ya masika, badala ya kungojea picha za mafuriko magazetini kama zile za El Niño za 1997 na za Novemba 2023. Na maji ya bomba yakija kwa ratiba inayojulikana, watu hawatakuwa na haja ya kuyahifadhi kwa wiki mbili.

Mengi ya haya hayana gharama. Dirisha kufunguliwa hakulipiwi. Pipa hufunikwa kwa leso kuukuu. Mwaka huu kusi zikivuma, kabla hujamwongezea mtoto sweta la tatu, tazama kwanza jiko liko wapi, pipa liko wazi au limefunikwa, na mamake amekula nini tangu asubuhi.